Marafiki wa chuo wanaokuja harusini Kigoma wajitegemee

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Msimu wa harusi ukikaribia, kurasa hizi hujaa malalamiko ya michango: kadi zimezidi, viwango vimepanda, watu wanazima simu. Mengi tunayakubali. Lakini sisi tunaokaa kwenye kamati za harusi hapa Kigoma tuna jambo jingine la kusema, nalo linawahusu wageni wanaopendwa kuliko wote, yaani wale waliosoma chuo na bwana au bibi harusi. Wanatoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya, hawajaonana miaka, na hakuna ukumbi unaochangamka kama ule wenye kundi la namna hiyo. Kundi hilohilo likija bila mpango ndilo linalomfanya bwana harusi ashike simu Jumamosi saa 4 asubuhi, kinyozi yuko kichwani, akiwaelekeza watu wawili walioshuka stendi ya Masanga jinsi ya kufika gesti.

Maoni yetu ni kwamba kundi la chuo lije kama kamati ndogo inayojitegemea, lenye mfuko wake, vitanda vyake na chakula chake, pamoja na mwenyeji mmoja wa Kigoma ambaye hana kazi yoyote kwenye ratiba ya harusi. Nyumba ya harusi inalisha wajomba na mashangazi kutoka Kasulu, Kibondo na Uvinza kwa wiki nzima. Haina nafasi ya kuongeza watu 20 wanaouliza nywila ya intaneti.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo urafiki hupasuka. Kwenye kundi la WhatsApp watu huandika ahadi, halafu mratibu anapanga bajeti kwa ahadi. Asifanye hivyo. Apange kwa fedha iliyoingia, na wiki tatu kabla ya harusi afunge hesabu. Kitakachoingia baada ya hapo kiende kwenye dharura. Kwa kila shilingi 100,000 ya mchango, mgawo unaotosha ni huu: 45,000 zawadi, 25,000 chakula cha pamoja, 15,000 usafiri wa ndani ya mji, 10,000 dharura na 5,000 makato ya kutuma na kutoa. Kitanda na nauli kila mtu ajilipie, wala visichanganywe na mfuko huo. Makato ndiyo yanayosahaulika, kisha siku ya kununua zawadi pesa inapelea kidogo na mtu mmoja anafidia mfukoni kwake huku akinuna kimyakimya. Fedha isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Akaunti za vikundi za simu au za benki, zinazotaka zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha kabla ya pesa kutoka, zipo, na kuzifungua hakuna ugumu.

Kuna kosa la kadi linalojirudia karibu kila harusi. Kundi linatuma mchango mkubwa kwa mkupuo, kwa jina la mratibu, bila orodha. Katibu wa kamati anaandika kadi kwa jina alilolikuta kwenye ujumbe wa malipo. Inatoka kadi moja, dabo, yaani ya watu wawili. Siku ya tukio mtu wa mlangoni anaikagua, anahesabu vichwa viwili, na wengine 18 waliovaa sare wanabaki nje wakibishana na mlinzi ambaye kosa si lake. Dawa yake ni karatasi moja tu: majina kamili, nani anakuja peke yake na nani na mwenzi wake, ikabidhiwe kwa mweka hazina wa kamati siku 14 kabla, kwa sababu oda ya chakula na viti hufungwa karibu na hapo. Mwulizeni pia mtakaa meza zipi. Kundi likitawanywa kwenye kona nne za ukumbi, litatumia usiku mzima kutembeleana na kuwaziba watu wa video.

Tarehe huwa imeshapangwa na wazazi, lakini kama marafiki wanaulizwa mapema, wapo wanaoweza kusaidia kuichagua. Harusi nyingi hapa huangukia Juni, Julai na Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na, mwezi Juni, shule zikiwa na likizo. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika upande wetu ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Anayekuja Kigoma Julai akitamani migebuka ya kuchoma aangalie kwanza ziwa limefungwa au liko wazi, vinginevyo atakula kuku na kuulaumu mji. Hata ziwa likiwa wazi, mwezi mpevu nao una habari zake. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga wa taa ndio unaowakusanya. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi kujaa. Siku hizo mialo ya Kibirizi na Katonga, wavuvi wanakoshushia samaki, hupooza na bei hupanda. Kwa hiyo mwenye kupanga chakula cha Jumapili atazame kalenda ya mwezi kabla hajatazama bei.

Safari. Treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita 1,250 hivi, na abiria hulala njiani usiku mbili mambo yakienda vizuri. Haiondoki kila siku. Kama harusi ni Jumamosi, chukueni ile inayopaswa kufika Jumatano au Alhamisi, kwa sababu inayopaswa kufika Ijumaa jioni inaweza kufika wakati maharusi wanatoka kanisani au msikitini. Jambo la kuangalia ni Tabora. Pale mabehewa hugawanywa, ya Mwanza yakaenda zake kaskazini na ya Kigoma yakaendelea magharibi. Kundi la chuo lina tabia ya kuhamia behewa moja ili kupiga soga, mtu anapitiwa na usingizi kwenye behewa la wenzake wa Mwanza, na asubuhi anazinduka yuko njia ya Isaka. Kabla ya kufika Tabora kila mtu arudi kwenye behewa lililoandikwa kwenye tiketi yake, na mizigo yake.

Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imefupisha kipande cha kwanza. Tatizo liko kwenye kuunganisha: stesheni iko Mkonze, stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, na hizo ni pande mbili tofauti za jiji. Tengeni angalau saa mbili. Basi la Kigoma linalopita Dodoma kwa kawaida huwa limeshajaa kutoka Mbezi, hivyo nafasi ikatwe mapema, hata kama utatozwa nauli ya kutoka Dar. Ulizeni pia basi linapita njia gani. Lipo linalopita Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza, na lipo linalozunguka Kahama, Nyakanazi, Kibondo na Kasulu. Mwenyeji anayewasubiri anataka kujua hilo ili akadirie saa ya kwenda stendi. Na tiketi ya kurudi ikatwe kabla ya kuja, kwa sababu Jumatatu baada ya harusi kubwa kila mtu anaitaka siku hiyohiyo.

Vitenge vya sare vinunuliwe hapa. Kigoma ina vitenge vinavyotoka ng'ambo ya ziwa, na chaguo ni pana. Pisi moja ya yadi 6 humtosha mwanamke wa umbo la kati gauni refu na hubakiza shati la mikono mifupi la mwanamume, ikiwa maua ya kitambaa ni madogo. Maua yakiwa makubwa, fundi hulazimika kupoteza kitambaa ili yakutane kwenye mshono wa mbele, na shati halitoki. Nunueni pisi zote kwa muuzaji mmoja, kwenye mzigo mmoja, siku moja. Kitenge chenye chapa ileile kikitoka mzigo mwingine, bluu yake hupishana kidogo, na kwenye picha ya pamoja tofauti hiyo huonekana waziwazi. Kabla ya kukata, kiloweshwe na kukaushwa kivulini, kwani kingine husinyaa.

Vipimo vinavyotumwa kwa simu ndivyo vinavyowaliza mafundi. Mtu hujipima mwenyewe, mkono mmoja umeinuliwa, na kipimo cha kifua kinakosewa. Mtu mwingine akupime ukiwa umesimama wima na kuvuta pumzi ya kawaida: bega hadi bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa nguo. Fundi aambiwe aache inchi moja ya akiba ndani ya kila mshono wa pembeni. Hiyo akiba, pamoja na ninyi kufika Alhamisi, ndiyo itakayoruhusu marekebisho Ijumaa asubuhi. Anayefika Jumamosi atavaa alichoshonewa, kimbane kisimbane.

Zawadi nzito nayo isisafirishwe kutoka Dar. Friji, jiko la gesi na godoro vinapatikana Mwanga, hapahapa mjini, na dukani mtapewa risiti na dhamana inayofuatiliwa hapahapa. Friji likibebwa kwa kulazwa, mwambieni bwana harusi asiliwashe siku hiyo. Alisimamishe hadi kesho yake ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Harusini ingizeni boksi tupu au picha kubwa. Kupanda na friji halisi jukwaani mkicheza ni ushujaa usio na faida.

Kuna mambo ya adabu ambayo vijana wa mjini huyapuuza. Waha husalimiana kwa utulivu, wakipiga makofi mepesi, na salamu haikatwi katikati ili kuuliza chaja iko wapi. Mkiingia nyumba ya harusi, wazee kwanza, tena kwa kuinama kidogo. Harusi ikiwa Ujiji au kwa familia ya Kiislamu, bia zisiletwe hata kwenye buti la gari. Na yule msemaji wa kundi apewe dakika tatu, azungumzie bidii na ucheshi wa mwenzao, asigusie kabisa nani alikuwa mchumba wa nani mwaka wa pili. Mama mkwe amekaa meza ya mbele na kumbukumbu yake ni nzuri.

Saa za Kigoma zinawachanganya wageni kuliko wanavyodhani. Nchi nzima saa zetu zinasoma sawa, lakini sisi tuko magharibi mno, kwa hiyo jua letu huchomoza na kuzama karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Mpiga picha anayetoka Dar hupanga picha za ufukweni saa 11 na nusu jioni, anakuta jua bado kali, nyuso zimekunjamana na vivuli viko machoni. Mwanga mzuri hapa ni kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 jioni. Jua huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, hivyo maharusi wakilipa mgongo watatoka weusi kama hakuna taa ya kuwamulika usoni. Wageuzwe walitazame. Stesheni ya reli, jengo la enzi za Mjerumani ambako reli ilifika mwaka 1914, ni mahali pazuri pa picha ya kundi, ila ombeni ruhusa kwa mkuu wa stesheni kwanza. Bandarini msinyanyue kamera bila kuuliza. Wimbo wa kuingilia ukumbini wekeni kwenye flashi na nakala apewe DJ mapema. Wimbo ulio kwenye simu hukatizwa na mtu anayepiga kuuliza ukumbi uko wapi.

Sasa Jumapili, siku ambayo ni yenu hasa. Sherehe ya kuvunja kamati huwa siku nyingine, wageni wa mbali wakiwa wameshaondoka, kwa hiyo mlo wa pamoja wa marafiki uwe mchana huu na maharusi waalikwe kama wageni wenu. Kwa watu 20 nunueni migebuka 25 ya wastani. Mtu aende mwaloni asubuhi mitumbwi ikirudi, akague matamvua yawe mekundu, macho yawe yamejaa na tumbo liwe gumu. Matamvua ya kahawia maana yake samaki wamelala. Achukue barafu kilo kwa kilo na samaki. Bila barafu, kufikia mchana matumbo huanza kupasuka na nyama huachana na mifupa kwenye wavu. Samaki akatwe mikato mitatu kila ubavu, apakwe chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akae nusu saa. Makaa yawe yameshika jivu jeupe, moto wa miali uwe umekwisha, na wavu upate moto kabla samaki hajawekwa, kwa sababu kwenye wavu baridi ngozi hunata na kubaki pale. Ageuzwe mara moja tu.

Ugali wa muhogo kwa watu hao unataka unga kilo 4. Wasiouzoea wachanganyiwe na sembe, sehemu mbili za muhogo kwa moja ya sembe. Maharage ya mawese yapikwe kwa nusu lita, isizidi, na yapashwe moto mpaka harufu mbichi iishe. Mtu asikae mezani na shati jeupe wala ile sare mpya: doa la mawese likishapigwa pasi halitoki tena.

Wapo wanaotaka kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, Jumapili hiyohiyo. Sisi tunasema hapana. Hifadhi iko kilomita 16 kaskazini mwa mji na hufikiwa kwa maji tu. Boti ya kawaida kutoka Kibirizi huchukua saa kadhaa, halafu kuna mwinuko wa kupanda kwa miguu na mwongoza watalii anayesubiri kwa wakati. Watu waliotoka ukumbini saa 9 usiku hawaamki. Gombe iwekwe Ijumaa alfajiri kwa waliofika Jumatano, au Jumatatu kwa wasio na haraka, na mwenye mafua abaki mjini kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Jumapili nendeni Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ni mwendo mfupi kwa bajaji na mtarudi kabla makaa hayajashika.

Mkikodi boti kwa matembezi mafupi, hesabuni maboya ya kuvaa kabla ya kulipa: watu 20, maboya 20, kila moja lenye mikanda inayofunga. Elewaneni kama bei ina mafuta ndani yake. Kiangazi upepo wa kusini huamsha mawimbi makubwa, na ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo nahodha akisema turudi, rudini. Kuogelea waulizwe wenyeji wa ufuko huohuo, kwa sababu kuna sehemu zenye mamba na sehemu zenye kichocho, na ubao wa onyo hauko kila mahali.

Dagaa wa kubeba nyumbani wachagueni waliokaushwa kwenye vichanja. Waliokaushwa chini hubeba mchanga ambao hata maji matatu hayaumalizi. Dagaa mzuri hung'aa kama fedha na hukatika ukimkunja. Akiwa wa njano ameshachacha. Mawese yawekwe kwenye kidumu kilichopungua vidole viwili kutoka mdomoni, kifuniko kizungushiwe gundi ya karatasi, na kidumu kisimame ndani ya ndoo. Kikijazwa pomoni, joto la buti la basi huyatanua na nguo za jirani huharibika kabla ya Uvinza.

Mwisho tuna ombi kwako, Mhariri. Tarehe za kufunga na kufungua ziwa pamoja na ratiba ya treni ya Kigoma zikitangazwa, gazeti lizichapishe mapema, ikiwezekana Februari au Machi, wakati ambapo familia bado hazijalipia ukumbi. Ikishafika Mei, kadi zimeshachapwa na hakuna mzazi atakayekubali kubadili tarehe kwa ajili ya migebuka.

Wanakamati wa harusi,
Mwanga, Kigoma